Mwendo wa Mabula

Bariadi, nyuma ya ghala la pamba

Dada yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Ukishaitikia kaa chini kabisa, mgongo uegemee ukuta, maana leo sina habari fupi. Hujambo wewe? Goti lako linakwambiaje? Shemeji ameacha ugoro au ugoro ndio umemwacha yeye? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naongea. Meno ya mbele yote yameshaniaga, sasa hata mluzi siwezi kupiga, nikijaribu unatoka upepo mtupu. Hilo la mluzi lishike, nitalieleza.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule unajua sikuiona, lakini ngumbaru, lile darasa la watu wazima, nilikaa, na yule mwalimu alisema tangu azaliwe hajaona mtu anaandika kama mimi. Hakusema kama ni sifa. Ukikuta herufi imelala chali, inyanyue uendelee.

Ujumbe wako dereva wa lori alinipa. "Kondo, rudi nyumbani, umezeeka, utazikwa na watu wa ng'ombe." Dada, nilikuwa nimekubali. Mzigo nilikuwa nimeshaufunga, na kamba nimepiga mafundo mawili. Nataka nikueleze kwa nini niliufungua.

Wewe unajua sisi Wazaramo na hawa Wasukuma ni watani. Huko kwetu watani mko wengi, mnagawana misiba. Huku Mzaramo ni mimi peke yangu. Tangu niliposhuka stesheni ya Malampaka kubeba mizigo, nywele zikiwa nyeusi, kila akifa mtu wanasema mwiteni Mzalamo. Wanasema Mzalamo kwa sababu ulimi wao haujui "ra", wameiacha machungani. Basi nakwenda. Najilaza kaburini, nasema huyu haingii hapa mpaka mnipe kuku. Navaa kofia ya marehemu, natembea mwendo wake, naongea kwa sauti yake, watu wanalia na kucheka kwa mkupuo mmoja. Kuna msiba kule Migato nilimwiga marehemu mpaka ng'ombe wake wakatoka zizini wakanifuata. Mashahidi wapo, ni ng'ombe wenyewe.

Siku hizi nashona magunia barazani kwenye ghala la ushirika. Ghala lenyewe limefungwa tangu waje wanunuzi binafsi, kila mmoja na mzani wake. Pale barazani tuko watatu wa kudumu. Mimi, Daudi fundi baiskeli, na Masanja, mwenye ng'ombe wengi, ambaye ndiye mtemi wa sungusungu hapa, wale walinzi wetu wa jadi. Kazi yetu kubwa ni siasa.

"Zamani mnunuzi mmoja, chama kimoja, mzani mmoja wa kutuibia," Daudi anasema. "Sasa hivi mwizi unamchagua mwenyewe."

"Ndiyo uhuru huo," anasema Masanja. "Mwaka huu nakwenda kupiga kula."

"Kula umeanza kupiga zamani," namwambia. "Hilo tumbo ni shahidi."

"Nyamaza, Mzalamo. Wewe jembe likikuona linacheka."

Siku moja likapita gari la kipaza sauti. "Wananchi, jihadharini! Msidanganyike! Uamuzi ni wenu!" Tukaanza kubishana. Masanja anasema ni chama kipya. Daudi anasema hapana, ni bwana afya, ni habari za ule ugonjwa. Tukabishana mpaka vumbi likatulia, na hatukujua, maana gari ni lile lile, wanaazimana.

Ndivyo tulivyo huku, dada. Kila kitu ruksa. Ruksa duka, ruksa chama, ruksa kusema serikali imejaa wezi na polisi anakusikia anapita. Waziri tunamtukana mpaka jina la bibi yake. Lakini jina la ugonjwa hakuna anayelitamka. Wanasema amekanyaga miwaya. Wanasema kifua. Wanasema ametupiwa kitu. Na makaburi yanachimbwa mapya kabla udongo wa yale mengine haujakauka.

Sasa Mabula. Huyu alikuwa kijana anapima pamba kwa mnunuzi mmoja hapo jirani. Utotoni dume la ng'ombe la kuvuta plau lilimkanyaga mguu wa kushoto, basi akitembea aliufagilia nje, kama mtu anayesogeza kuku njiani, halafu anapiga mluzi mdogo kati ya meno. Fagia, fagia, mluzi. Mimi nilimwiga kila siku barazani. Aliyecheka kuliko wote ni yeye.

"Guku, unazidisha," ananiambia, maana ndivyo wanavyoita babu. "Mimi sifagii hivyo."

"Unafagia zaidi. Mkeo hatanunua ufagio."

Mkeo mwenyewe hakupatikana. Mabula akaanza kupungua. Ikafika mahali siyo yeye anavaa suruali, suruali ndiyo inamtembeza. Halafu hakuonekana tena kwenye mzani. Mama yake akamlaza ndani, akamfungia mlango, akawa anamwogesha mwenyewe.

Maneno yakaanza hapo. Mtu akakumbuka kwamba dereva wa trekta naye nilimwiga, na akafa. Mwenye kinu cha kusaga nilimwiga, akafa. Dada, mimi nimemwiga kila mtu Bariadi! Nimeiga mpaka mkuu wa wilaya. Lakini nani anahesabu wazima? Mke wa Daudi akanifuata hadharani, akaniambia, "Mzee Kondo, mume wangu nina mmoja. Usimchukue mwendo." Nikacheka. Nikatazama pembeni nione nani anacheka na mimi. Daudi alikuwa anaangalia tairi.

Mabula akafa. Nikachukua kofia yangu nikaenda msibani kama kawaida, kuku nimeshamchagua kwa macho. Masanja akanisimamisha kwenye boma. Amebeba fimbo.

"Leo hakuna utani."

"Msiba bila mtani? Mnazika mtu au mnafukia mbegu?"

"Nimesema hakuna, Mzalamo."

Walimzika haraka, amefungwa kwenye nailoni. Waliombeba walinyoosha mikono mbali na miili yao. Ugali ulisongwa haukuliwa. Watu walikuwa wananawa, wananawa tena, wanaondoka. Nami nilisimama pale mikono inaning'inia kama ya mtu mwingine. Mama Mabula alikuwa anatazama huku na huku kwenye umati, nami sikujua anatafuta nini.

Baada ya hapo wakaitana mkutano. Masanja akasimama mbele ya wote, bila utani hata chembe, akasema Mzee Kondo akionekana tena anatembea mwendo wa mtu, awe hai awe mfu, anatengwa. Kutengwa huku si mchezo. Hupewi moto, hupewi maji, husalimiwi. Mtoto akikuita anachapwa. Mzee kama mimi hapo hamalizi kiangazi. Ndipo ujumbe wako ulipofika, nami nikafunga mzigo.

Nikiwa napiga lile fundo la pili, akaja Mama Mabula. Akabisha, akaingia, akaketi chini.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa kwao, mayu ndiye mama.

"Mwangaluka. Unasafiri?"

"Naenda kwetu kupanda minazi. Ng'ombe wenu wamenichosha, wananitazama kama shemeji zao."

Hakucheka. Akasema, "Nimemsahau mwanangu."

Nikaketi juu ya mzigo.

"Namkumbuka kitandani tu. Nikifumba macho namwona kitandani. Nikisema nimtazame akiwa mzima, anakuja tena kitandani. Alivyokuwa anatoka shamba jioni sipati. Siku ya mazishi nilikungoja wewe. Nilisema Mzalamo akija nitamwona."

"Mayu, umesikia ya mkutano?"

"Nilikuwepo."

"Nikifanya hilo sina maji hapa."

"Maji nitakupa mimi."

"Watakutenga na wewe."

"Wameshanitenga," akasema. "Tangu azikwe hakuna aliyekunywa maji kwangu."

Dada, mdomo wangu unaujua. Mdomo huu ulisimamisha treni Malampaka, nilimtania dereva mpaka akashuka kunifukuza, abiria waliochelewa wote wakapanda. Siku hiyo haukutania. Nikamwambia nenda nyumbani, kaa mlangoni.

Jioni nikaanzia mpakani mwa shamba lao la pamba, jua bado lipo, kila mtu ananiona. Nikafagia mguu wa kushoto. Hatua za mwanzo nilikuwa mimi Kondo ninayemwiga Mabula. Nilikuwa nafikiri kiuno kikae hivi, bega hivi. Nilipopita zizi, sikuwa nafikiri tena. Njia ina jiwe pale, sikuwa nalijua, lakini mguu ulilizunguka wenyewe. Watu wakatoka majumbani. Masanja alikuwa amesimama njiani, na ile fimbo. Nikasema basi, hapa ndipo ninapopigwa. Akanitazama miguuni, siyo usoni. Akasogea pembeni akanipisha.

Na hapo, dada, nikapiga mluzi.

Nimekwambia meno sina. Ulitoka safi kabisa, mdogo, kati ya meno.

Mama Mabula alikuwa mlangoni anachambua pamba. Hakuinua kichwa. Akasema, "Umechelewa."

Nami nikajibu, kwa sauti ambayo sikuitafuta: "Foleni ilikuwa ndefu kwenye mzani, mayu."

Akaacha pamba, akanitazama. Akasema, "Haya. Ingia unawe." Akanipa maji kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtu aliyepata usingizi.

Kesho yake nilikaa ndani nikingoja kutengwa. Akaja Masanja. Akaketi. Akaanza na bei ya pamba. Akaenda kwenye mvua. Akaenda kwa mgombea wa chama kipya, kwamba amegawa kofia lakini hazitoshi kichwa cha Msukuma. Nikamjibu kichwa cha Msukuma kinatoshwa na debe. Akacheka kidogo. Halafu akainuka akasukuma mlango ukafungwa.

"Mdogo wangu Sayi unamkumbuka? Aliyefia hospitali kule Maswa."

"Namkumbuka."

"Alikuwa na namna ya kupandisha suruali kabla hajasema."

"Kwa viwiko," nikasema.

"Kwa viwiko! Ndiyo." Macho yake yakawa mekundu, mtu mzima yule. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Alikaa akamtazama mdogo wake mpaka akatosheka, akafuta uso kwa kiganja, akatoka. Barazani hatujalisema.

Tangu siku hiyo wanakuja wote. Mchana barazani ni siasa ile ile, vyama, bei, nani kaiba nini, na hakuna anayetaja ugonjwa. Halafu mmoja mmoja wananifuata nyumbani. Nionyeshe, wanasema. Mke wangu. Kaka yangu. Binti yangu alivyokuwa akibeba ndoo. Mke wa Daudi yule yule alikuja kumtazama dada yake aliyeletwa maiti kutoka Ipililo. Hakuna anayenitenga. Wananiletea maziwa mpaka namwaga. Na jioni naenda kwa Mama Mabula, maana nisipokwenda anakaa mlangoni hapiki.

Ndiyo sababu nilifungua mzigo. Lakini siyo yote.

Juzi nilikuwa nakwenda dukani kununua chumvi. Simwigi mtu, nina haja na chumvi. Daudi alikuwa ameinama kwenye baiskeli, akasikia hatua nyuma yake, akaita bila kugeuka, "We Mabula, njoo ushike hapa!" Halafu akageuka akaniona. Spana ikamdondoka.

Nikarudi nyumbani bila chumvi. Nikaenda uani nikasema sasa natembea mimi, Kondo. Nikanyanyua mguu, akawa Mabula. Nikajaribu tena, mikono ikapandisha suruali, akawa Sayi. Nikasimama, hata kusimama kwenyewe kulikuwa kwa yule mwenye kinu. Nikatafuta mpaka jasho likanitoka. Sijipati, dada. Na huku hakuna wa kumwuliza, wamenijua nikiwa tayari mtani, nimevaa za wengine. Naogopa nikija nishuke hapo barabarani umwone mtu anakuja, umkaribishe vizuri kama mgeni, uniulize Kondo umemwacha wapi.

Nisalimie shemeji, mumeo, na kikohozi chake. Wajomba zangu, wanao wote, hasa yule mchoma mkaa, mwambie mjomba anasema anawe uso, itakuwa mara ya kwanza tumjue. Shangazi yetu wa mwisho kama bado yupo mpigie kelele sikioni salamu zangu. Yule mke wangu wa kwanza, kama bado ananilaani, mwambie laana zinafika ila njia ni mbovu.

Sasa wewe nijibu jambo moja tu, na uniandikie haraka. Kabla sijaondoka hapo nilikuwa natembeaje? Usiniambie vizuri. Niambie mguu upi ulikuwa mzito, mikono niliiweka wapi, nilitazama chini au mbele. Unakumbuka baba akiwa ndani, mlango umefungwa, alikuwa akinisikia naingia uani anasema, "Huyo ni Kondo." Alikuwa anasikia nini?

Ni mimi mdogo wako,
Kondo