Mablanketi Sitini na Manne

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama yako na goti lake wanasukumana hivyo hivyo.

Lile jedwali la kompyuta ulilonitengenezea lilinifanya niringe hospitali nzima. Nikiandika tu nilichotoa stoo kwenda wodini, shuka, blanketi au pazia, jumla ya kila aina inajiongeza yenyewe mstari kwa mstari. Ila wakaguzi wamehesabu rafu, wakakuta mablanketi sitini na manne pungufu ya yale ambayo kompyuta inasema yamebaki. Ufunguo tunao wawili, mimi na dobi. Waliponiuliza nilisema mimi sijachukua. Sikuongeza neno, lakini hesabu ya watu wawili haihitaji kompyuta.

Dobi amefukuzwa Ijumaa. Miaka kumi na tisa tumekunywa chai pamoja, na hakuniaga.

Baba yako

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti la Mama limepata nafuu. Mimi mzima wa mwili. Barua zako tatu nilizipata zote, usiilaumu posta.

Naandika uso umenishuka. Hakuna aliyeiba. Mwezi Machi nilikuwa namfundisha mwenzangu wa ofisini jedwali kama lile, nikaliona kosa langu. Jumla ya mablanketi uliyotoa ilipaswa kuhesabu kuanzia mstari wa kwanza mpaka ulipofika. Mimi sikuufunga ule mstari wa kwanza kwenye fomula, kwa hiyo kila ulipoandika mstari mpya, mwanzo nao ulisogea chini. Uliyotoa Septemba yakaachwa nyuma, na kompyuta ikadhani bado yapo rafuni.

Kwanza niliona haya kukuandikia. Kisha nikaona haya kwamba sijakuandikia, na hiyo ya pili ndiyo mbaya, maana kila wiki inazidi. Nataka kuwaeleza hospitali. Niruhusu, Baba.

Mwanao

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima.

Usiwaandikie. Mimi nilijua kabla yako. Wiki moja baada ya dobi kuondoka nilichukua penseli nikajumlisha mablanketi yote kwa mkono, tangu mwanzo. Halikupungua hata moja. Nilitaka niende ofisini kusema, lakini wewe ulikuwa kwenye miezi ya majaribio kazini, na kila mtu hapa anajua jedwali lile ni kazi yako, maana mimi ndiye niliyewatangazia. Nikajiambia damu nzito kuliko maji. Methali nzuri ile, inasitiri mengi.

Sasa dobi anapiga pasi kwake nyumbani, na mimi nazungukia sokoni nisipite mlangoni pake. Mzee mzima najibanza kwenye kuta. Yaliyopita si ndwele. Liache, mama.

Baba yako

15 Julai

Baba,

Shikamoo. Msalimie Mama.

Nimekuasi. Nimewaandikia hospitali na jina langu chini. Habari zako sikuzitia.

Dobi sikumwandikia, nilimwendea mwenyewe. Nilifika mtaani kwetu nisipite nyumbani, unisamehe, sikuweza kukutazama. Alinipa kiti. Nilimweleza yote kuhusu fomula, akasikiliza huku anapiga pasi shati la mtu. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Baba yako alijua?"

Baba, nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nilinyamaza. Akangoja, kisha akaligeuza shati akaendelea kupiga pasi upande wa mgongo.

Mwanao