Mama na kifungo cha Mzee Makau

Waruguru uko? Nimejua kwa nini mama alichelewa kumaliza chuo. Amenieleza saa hii.

Ilikuwa 1984. Alisomea kuwafundisha wagonjwa kutumia mikono tena. Mgonjwa wake wa mtihani alikuwa Mzee Makau, mchonga vinyago, mkono wa kulia umepooza. Mtihani ni mzee ajifunge kifungo cha shati mwenyewe kwa mkono huo, mama asimguse.

Mkono ukagoma. Mzee jasho linamtoka. Mwalimu aliyesimamia mtihani akageuka kidogo tu, mama akamfungia kifungo. ALIMFUNGIA, Waruguru!

Mwalimu akauliza, "Nani amefunga?"

Mzee akasema, "Ni mimi."

"Vizuri! Basi kesho aruhusiwe kutoka hospitali, aende nyumbani."

Mama alijua hali yake. Nyumbani ni chumba kimoja huko mtaani Baba Dogo, na mzee anaishi peke yake. Hata kijiko hawezi kushika! Na anamkazia mama macho, eti nyamaza.

Mama akasema, "Mwalimu, nimefunga mimi."

Akaanguka mtihani. Mwaka mzima arudie! Alilia njia nzima mpaka mtaa wa Muthurwa, watu wakidhani amefiwa.

Kesho yake akarudi wodini. Mzee akakataa mazoezi. "Umejiharibia maisha kwa sababu ya mkono huu."

Mama alivuta kiti, akaketi, akamsubiri aanze.