Kalamu za Idi

Kasulu, Jumanne

Hamisi hakuwa na nia mbaya. Najilazimisha kuamini hivyo tangu mchana.

Katika kazi yangu ya kuandikia watu hati za urembo, fremu ya Bismillahi inataka kalamu nene ya tete. Majina kwenye kadi za harusi, nyembamba. Zangu ninazo. Lakini jana shemeji Hamisi aliniona nikihangaika na za marehemu kaka yake. Mume wangu Idi aliandika kwa mkono wa kushoto, akazikata ncha kwa mshazari wa upande wake. Mkononi mwangu zilikwaruza karatasi tu. Ndiyo maana nilizishika. Zilipokwaruza nilimsikia Idi akicheka: "Mama Zawadi, hizo zina mwenyewe."

Leo nimerudi kutoka sokoni nikamkuta Hamisi barazani na kisu, vipande vya ncha vimezagaa miguuni pake.

"Shemeji, nimekuchongea upya zote. Usihangaike tena."

Nikamwambia ahsante. Alivyokuwa amefurahi, na mimi...

Nimeandika Bismillahi kwa ile nene ya Idi. Wino umeteleza vizuri, hata mteja mwenye fremu amesifu alipokuja kuichukua.

Alipoondoka nimezijaribu zilizobaki, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyonikataa, na Idi hakucheka.