Sheria ya Nne ya Chumba cha Kompyuta

Jumatatu, 8 Juni 1998
Mvua. Nimefungua chumba saa mbili. Kompyuta sita, nne zinawaka. Wasichana wamevua viatu mlangoni, wamesali, wameketi wawili wawili. Sheria ndizo zasema hivyo, na sheria ni zangu. Kumi na mbili, nilizipiga chapa mwenyewe, nikiiga zile za kiwanda cha chai nilikokuwa karani kabla ya ualimu. Kule, aliyegusa mashine bila ruhusa alifukuzwa siku hiyo hiyo, bila kusikilizwa. Sheria ya nne ni hiyo hiyo: atakayetuma barua pepe bila sahihi mbili, yangu na ya pasta, ataondoka shuleni bila kusikilizwa. Niliiweka ya kutisha tu.

Chebet wa kidato cha nne, kiranja wa chumba, ameleta barua ya kumtumia kaka yake anayesoma India. Mama yao amelazwa hospitali ya Kapkatet, na haijaamuliwa apasuliwe au la. Baba hayupo tena, na wazee wa ukoo hawataki kukubali kabla ya kusikia neno la kaka huyo, kifungua mimba. Posta ni wiki tatu. Nimetia sahihi. Pasta yuko semina Kericho hadi Ijumaa. Nimemwambia Chebet avumilie.

Jumatano, 10 Juni
Aibu. Saa saba mchana karani wa ofisi aliinua simu, akasikia mlio wa kompyuta. Barua pepe hupita kwenye waya huo huo wa simu. Akakimbilia chumbani. Chebet, peke yake, bila viatu, barua imekwisha kwenda. Hata hapo alivua viatu.

Ufunguo ni wake kwa kazi. Lakini neno la siri?

“Mwalimu, ni namba ya wimbo wako kwenye kitabu cha nyimbo. Shule nzima inajua wimbo wako.”

Kweli. Kila Ijumaa paredi, kila mazishi, mimi huomba wimbo ule ule. Na nilijiona mwerevu.

Alhamisi, 11 Juni
Nimemwambia mwalimu mkuu kosa ni langu: neno la siri la kitoto, barua iliyolala kwenye meza yangu. Amenisikiliza vizuri. Kisha akanionyesha karatasi ya sheria ukutani.

“Mzee, si ni wewe uliandika ‘bila kusikilizwa’?”

 

Ijumaa, 12 Juni
Bodi imekaa dakika kumi. Nilisimama, nikaomba, nikaeleza habari ya mama. Nilieleza mno, kama kawaida yangu. Mwenyekiti akasema, “Mwalimu, tukiachilia huyu, kesho wote wataandikia wavulana.” Wakacheka. Kwisha.

Chebet ameondoka na shangazi yake, godoro kichwani, sanduku mkononi. Mtihani hataufanyia hapa.

Pasta amefika saa kumi. Ameikuta barua mezani, akaisoma, akatia sahihi papo hapo. “Masikini,” akasema, “itume leo.” Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya Chebet.

Jumatatu, 15 Juni
Jibu la kaka limeingia. Mistari miwili. Wapasue, wasimngojee yeye. Sheria ya tisa inasema barua ya asiye mwanafunzi ifutwe. Nimeichapisha.

Jumanne, 16 Juni
Nimeenda kwao Kimulot kwa miguu kutoka barabarani, barua ndani ya koti isilowe. Uani wanawake walikuwa wamekaa kimya, sufuria kubwa motoni. Nilielewa kabla sijafika mlangoni. Mama alifariki juzi.

Chebet aliisoma barua amesimama. Mjomba wake akauliza karatasi hiyo ni ya kazi gani sasa.  Nilitaka kusema ningaliituma barua yake Jumatatu ile ya kwanza, bila kumngoja pasta.  Chebet hakuhitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Akaikunja, akaniangalia viatu.

“Ingia ndani, Mwalimu. Umelowa.”

Nilikunywa chai yao. Angenitukana ningerudi nimepona kidogo.

Ijumaa, 19 Juni
Mvua imekatika. Paredi, pasta ameniuliza wimbo. Nimesema achague mwingine. Wasichana wamegeuka kunitazama, kisha wakaimba.

Nimebadilisha neno la siri kama bodi ilivyoagiza. Tarakimu nane, hazina maana yoyote. Nimeziandika nyuma ya daftari hili kwa sababu hazikai kichwani.

Saa mbili nimefungua chumba. Viatu vimepangwa mlangoni.