Mwingereza Aliyeiba Kondoo

Kanyangi, Agosti 1982

Kwako Baba Mutindi,

Hatujambo, na mbaazi zimezaa. Hii barua nimeiandika mwenyewe, masomo ya ngumbaru yamenifaa.

Juzi mwalimu alitusomea habari za Mwingereza wa zamani, mtu mwenye bibi, aliyeiba kondoo. Walimpeleka Australia kwa meli, akafungwa miaka saba. Alipoachiliwa akapata shamba huko, akaoa, hakurudi. Wenzangu waliuliza juu ya meli. Mimi niliuliza, yule bibi aliyemwacha kwao, nani alimwambia asingoje?

Ndugu yako Kilonzo, anayekuletea hii barua, alikuona sokoni kule Salama ukiuza vitunguu na mama mwenye mtoto mdogo. Kumbe jela ulitoka mwaka jana.

Sigombani, nauliza tu. Mpaka leo hakuna mtu nimeruhusu akalie kiti chako. Mgeni akija Jumapili, nimpe?

Ni mimi,
Mama Mutindi