Maksai Ameshaliwa

Hilmar, California
Julai 9

Kwako Dada Natercia,

Pokea salamu za watu wa nyumba hii kwa mpangilio wa umri: Baba, Mama, mimi na mbwa. Sote tu wazima. Goti la Baba na pampu ya kisima bado vinagoma kwa zamu, kimoja kikipona kingine kinaanza. Natumaini nawe huko Seattle u mzima, mvua haijakuotesha ukungu, na wagonjwa wako wanakuheshimu kuliko ng'ombe wanavyoniheshimu mimi.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunaongea kila Jumapili. Lakini tukiongea, Mama husimama nyuma ya mlango wa jikoni akijifanya anafuta kitasa, na kitasa kile sasa kinang'aa kuliko kikombe cha misa. Tena simu mtu anaweza kuikata katikati. Barua huwezi. Unaweza kuichoma tu, na hapo utakuwa umeshaisoma.

Unakumbuka nilikudokezea kwamba nimeomba kuhamia chuo kikuu. Chuo cha jamii cha huku kwetu humpokea kila mwenye kalamu, na asiye nayo huazimwa. Nimesoma humo miaka mitano kozi ambayo wenzangu humaliza kwa miwili, kidogo kidogo, kati ya kukamua kwa alfajiri na kukamua kwa jioni. Kile nilichoomba ni cha watu binafsi, kule karibu na ghuba, na kazi yake kubwa, kwa nilivyoona, ni kukataa watu. Husomesha pia, lakini hilo ni baada ya kukataa.

Aliyenisukuma ni Bwana Thao, mshauri wa wanafunzi wanaohama. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye mtungi wa peremende mezani ambao hajawahi kumkaribisha mtu. Aliniambia niandike insha ya kujieleza, niseme nimeteseka nini maishani. Nikafikiri sana, nikamwambia sijateseka. Akasema kila mtu ameteseka, nisimwonee haya. Nikasema kwetu kuna ng'ombe tu. Akaniuliza naamka saa ngapi. Nilipomwambia ni saa tisa usiku, tangu nikiwa shule ya msingi, alishika kichwa kwa furaha kama mtu aliyechimba kisima akakuta mafuta. Nikamweleza kwamba hayo si mateso, ni kazi. Akanijibu kwamba wale wanaosoma insha hawajui tofauti, niandike tu. Nikaandika, ila niliandika zaidi habari za maji: jinsi kisima chetu kinavyozidi kukimbilia chini kila mwaka na jirani anavyochimba zaidi ili ayawahi, na kwamba ninataka kusomea maji yaliyo chini ya ardhi kabla hayajaisha tukabaki kusomea vumbi.

Jibu la kwanza lilikuja katikati ya Mei. Halikuwa ndiyo wala hapana. Waliniweka kwenye orodha ya kusubiri, maana yake nikae mlangoni, mtu wa ndani akiondoka huenda nikaitwa. Bwana Thao alisema nisikate tamaa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuikata. Mama alisema Mungu ana mipango yake, akanipakulia nyama mara ya pili bila kuombwa. Ningepaswa kushtuka hapo. Mama kunionea huruma si kawaida. Huruma yake yote huwa ya ndama.

Wiki mbili baadaye ikafika Sikukuu ya Roho Mtakatifu, siku ambayo wenye nadhiri hutoa ng'ombe kulisha kila anayekuja ukumbini. Mwaka huu walikuja watu wengi kuliko mkate, na waliochelewa walikunywa mchuzi mtupu na majani ya mnanaa, wakashukuru hivyo hivyo. Asubuhi ya siku hiyo Mama alimtoa yule maksai mwekundu aliyekuwa akimnenepesha nyuma ya banda tangu majira ya baridi. Tulipomwuliza ni nadhiri ya nini, akasema ni ya goti la Baba. Baba alilitazama goti lake, akalikunja, likalia kama mlango wa ghala, akasema basi Roho Mtakatifu amekula bure. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alisimama kwenye masufuria makubwa akipakua mpaka mtu wa mwisho, uso ukimng'aa, na Mjomba Evaristo, ambaye bado ni mwenyekiti wa ukumbi na bado hataki kustaafu, akasema hajaona mtu akilipa nadhiri kwa furaha namna ile tangu enzi za bibi yetu kule kisiwani Terceira.

Sasa shika kiti.

Mwisho wa Juni nilikuwa kwenye banda la kukamulia, mkono umejaa kinyesi hadi kiwiko, simu ikalia. Nimeitwa. Nafasi imepatikana, gharama karibu zote wanabeba wao, niwajibu ndani ya wiki moja. Nilimaliza kukamua kwanza, kwa sababu ng'ombe hawajui habari za vyuo vikuu, kisha nikasubiri chakula cha mchana nikawaambia mezani.

Baba aliuliza kama wamekubali masomo yangu yote. Nikasema karibu yote, isipokuwa uchomeleaji na lishe ya ng'ombe. Akaweka uma chini. Uchomeleaji aliwasamehe. Lakini lishe ya ng'ombe! Akauliza kwani hao wenzetu wanakunywa nini asubuhi. Ndipo akasema, huku akiokota uma wake, kwamba alishazungumza na Chuy, yule mkamuaji wa kina Machado, tangu Aprili, aje ashike zamu yangu ikibidi. Tangu Aprili, Dada. Mimi mwenyewe Aprili nilikuwa sijaamini. Nilipotaka kumshukuru akanikata: "Usijitie kulia. Ng'ombe hawatakukumbuka hata wiki."

Tulipomgeukia Mama, alikuwa mweupe kama jibini. Akasema haiwezekani. Baba akamwuliza nini kisichowezekana. Akasema, "Haiwezekani, maksai ameshaliwa!"

Ilituchukua muda kuelewa. Nadhiri haikuwa ya goti. Siku ile nilipotuma maombi, Mama alipiga magoti mbele ya taji la Roho Mtakatifu ukumbini akamwambia: niachie mtoto wangu mmoja alale chini ya paa letu, nami nitalisha watu. Niliposema nimewekwa mlangoni kusubiri, yeye alihesabu kwamba nimekataliwa, kwa sababu katika maisha yake hajaona mtu akiitwa kutoka kwenye foleni ya aina hiyo. Akaona neema imeshuka, naye si mtu wa kumcheleweshea mtu haki yake. Akalipa. Watu wakala, wakafuta midomo, na mwezi mmoja baadaye nikaitwa.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Nami nilianza kucheka, nikaacha nilipomwona Mama. Hakuwa na hasira, Dada. Hasira yake naijua na naipenda, hupita kama mvua ya mawe. Ilikuwa hofu. Aliniambia hanizuii kwa kuwa ananitaka karibu. Ni kweli alinitaka karibu, anakiri, na alikuwa na haya hata ya kumwambia padri. Lakini sasa jambo limekuwa kubwa kuliko yeye. Nadhiri imepokelewa na kuliwa hadharani, nami nikiondoka nitakuwa nimevunja kilichokwisha kulipwa, na anayedaiwa si yeye, ni mimi. Akamtaja yule shangazi yake wa kule kisiwani aliyevunja nadhiri, paa likamwangukia siku ya tetemeko. Baba alipomkumbusha kwamba tetemeko lile liliangusha paa za mtaa mzima, akamjibu kwamba basi ajue nadhiri ile ilikuwa nzito.

Tangu siku ile akawa hapati usingizi. Nikitoka na trekta anasimama barazani mpaka nirudi. Chuo chenyewe kiko mwendo wa saa mbili kwa gari, lakini anaongea kana kwamba nakwenda mwezini.

Nikaenda kwa Mjomba Evaristo, nikijua kwa mambo ya nadhiri yeye ndiye hakimu wetu. Alinisikiliza akichokoa meno. Alisema dada yake amemlipa fundi kabla hajaezeka paa, na hilo ni kosa la kila mkulima anayeogopa kudaiwa. Nikamwuliza kama tunaweza kutoa maksai wa pili kufuta wa kwanza. Akanitazama kwa huzuni. "Mpwa wangu, unadhani Roho Mtakatifu ana duka?" Nadhiri haibadilishwi, akasema, hutimizwa tu, na huyu asipoitimiza, ndugu yake humtimizia, kama yeye alivyotembea peku hadi kanisani kwa nadhiri ya marehemu kaka yake aliyesahau kuitimiza. Kisha akaniambia nimsalimie Natercia.

Basi, Dada, hapa ndipo uchome barua kama unataka.

Jioni ile nilimkuta Mama anakata vitunguu, nikamwambia kwamba Roho Mtakatifu hajatapeliwa wala hajatapeli. Aliahidi mtoto mmoja chini ya paa hili na atamleta. Natercia anarudi nyumbani. Ameniambia mwenyewe.

Hukuniambia. Ninajua hukuniambia. Lakini tangu mume wako aondoke umekuwa ukiniuliza mambo. Uliuliza kama ile hospitali ya Turlock bado inatafuta wauguzi. Uliuliza kama ile milozi nyuma ya nyumba bado inachanua, swali ambalo hata mnunuzi wa malozi haulizi. Jumapili moja uliniuliza ni nani anayelala chumbani kwako, nikasema hakuna, ukaanza habari za hali ya hewa. Miaka tisa tangu ugombane na Baba, kila mmoja wenu anasubiri mwingine afungue mlango, na wote mmekaa upande wa nje.

Kwa hiyo sikukusingizia. Nilikutangulia tu. Hata hivyo si haki, najua. Nafasi yangu nimeshaithibitisha, masomo yanaanza Septemba, lakini bado naweza kuiacha. Ukiniandikia kwamba hutaki kurudi, nitamwambia Mama kwamba nilidanganya, na nitabaki, na Chuy atatafuta kazi kwingine. Sitakulaumu, wala sitakuuliza sababu. Sitaki ulale chini ya paa hili kwa ajili yangu. Kama unakuja, uje kwa sababu ulikuwa unakuja.

Sasa Mama analala. Ameanika godoro lako mara nyingi mpaka majirani wanadhani tuna kunguni. Anasema usilete mapazia, atashona yeye.

Mjomba anakusalimu, Bwana Thao anakusalimu ingawa hakujui, na Mama angekusalimu hapa kama angejua naandika. Baba sikumwambia mimi. Mama alimwambia, jana wakati wa kahawa. Baba alisukuma kiti nyuma, nikadhani atatoka nje kama kawaida yake. Badala yake akaniuliza kama bado unakunywa kahawa bila maziwa. Nikasema ndiyo, unakunywa nyeusi. Akatikisa kichwa, akavuta kikombe chake.

"Atazoea tena," akasema.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Gualter