Kwa Baba Luhaga, Aliyeizuia Ndege ya Mama

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka, na bado ndege ikipita juu ya mtaa wetu wa Pasiansi tunanyamaza sebuleni, tukisubiri useme imetoka wapi.

Ulipoondoka, mvua za Elinino zilikuwa hazijaja. Zilipoanza, majirani walikuja mlangoni kuuliza kama uliacha umesema lolote kuhusu mvua hizo. Mama akawajibu, "Hakuacha kitu. Na hata angekuwepo, angewaambieni msubiri kwanza asikie Entebbe wanasemaje." Wakacheka, na Mama akacheka, halafu akaingia chumbani akakaa peke yake.

Kazi yako yote ya kupima hali ya hewa uliifanyia uwanja wa ndege wa Mwanza, kwenye kile kiwanja cha majani chenye kisanduku cheupe cha vipimajoto. Ulitazama mawingu, upepo, na umbali ambao jicho linafika, ukawapa watu wa mnarani wanaoongoza ndege, kisha ukavituma kwa redio Bukoba, Kisumu na Entebbe. Nao wakakupa ya kwao. Ulituambia kwamba katikati ya ziwa hakuna mtu aliyekaa kutazama, kwa hiyo lazima kila upande useme ulichokiona, ndipo rubani ajue anakoelekea.

Ulianza wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki bado ipo, ukasomea kazi Nairobi pamoja na Bwana Kasule wa Entebbe. Jumuiya ikavunjika, vita vikaja vikapita, na mawasiliano yaliporudi ninyi wawili mkaendelea pale mlipoachia. Miaka yote hiyo mlikuwa mkisikiana tu, hamkuonana. Na miaka hii ya biashara huria, zilipoanza kushuka ndege kubwa za kuchukua minofu ya sangara na ndogo za watu wa dhahabu, ulifurahi kama mtoto. Ulizijua kwa mlio kabla hazijaonekana.

Mimi nilikuwa naona haya hata kumwamkia mgeni. Ulinisimamisha uani ukaniuliza, "Unaona nini kule?" Nikisema mvua itanyesha, unatikisa kichwa.

"Sikukuuliza itafanya nini. Unaona nini?"

"Wingu jeusi chini, juu lina kichwa cheupe."

"Hapo sawa, mwanangu."

Baba, lazima tuiseme ile siku.

Mama alikuwa kwao Bukoba, mjamzito, alipoanza kutoka damu kabla ya wakati wake. Watu wa misheni wakakubali kumleta hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa ndege yao ndogo. Rubani akauliza hali ya hewa ya Mwanza, na zamu ilikuwa yako. Ulikuwa umeshaona wingu la radi likikua upande wa kaskazini-magharibi. Ukamwuliza Kasule, naye akakwambia mvua iliyowapiga alfajiri imeingia ziwani inakuja huku, na ngurumo bado anazisikia.

Mwenzako wa ofisini, Shimba, alitusimulia hili kwenye msiba wako. Alikwambia, "Mzee Luhaga, ni shemeji yule. Sema kumetulia, rubani atajionea mwenyewe."

Ukamjibu, "Atajionea akiwa juu ya maji, na Teodora yumo ndani."

Ukatuma ulichokiona wewe na alichokisikia Kasule. Rubani akasubiri. Mama alilala kwenye gari la misheni pembeni ya uwanja wa Bukoba mpaka jua likapungua makali. Shimba anasema wingu lile lilipofika kwenu, madirisha ya ofisi yalitetemeka, na njia ya kurukia ndege ikapotea machoni. Mwishowe ndege ilikuja, salama. Madaktari walimwokoa Mama. Mdogo wetu hawakumwahi.

Tulimzika Misungwi. Wapo waliosema kwa sauti, makusudi tusikie, kwamba kuna mwanaume aliizuia ndege ya mke wake mwenyewe. Mimi niliacha shule darasa la tano ili nimhudumie Mama, kwa hiyo niliona mlivyopishana mle ndani, mkisemezana kwa upole kama wageni.

Kisha Bwana Kasule akaja kwa meli kutoka Port Bell, Uganda, bila taarifa. Ulipofungua mlango hukumtambua mpaka alipotoa sauti. Mkashikana mikono, kila mmoja akimcheka mwenzake mvi. Lakini alipoketi alimgeukia Mama, akamwita kwa heshima ya kwao.

"Nyabo, mimi ndiye niliyemwambia kuna ngurumo. Kama unamlaumu, nusu ya lawama ni yangu. Nimekuja kuichukua."

Mama alimtazama, akamsogezea sahani. "Kula kwanza, shemeji. Samaki anapoa."

Akala, akalala, akapanda meli akarudi kwao bila jibu.

Baada ya hapo Mama akaanza utani wake. "Rebeka, kamwulize baba yako kama Entebbe wameniruhusu kuanika dagaa." Au amevaa viatu yuko mlangoni: "Niende sokoni, au Kasule amekataa?" Ulicheka kila mara. Na kila mara, ukishamaliza kucheka, uliendelea kumtazama kidogo, kama mtu anayengoja aongezewe neno. Sisi watoto tuliliona. Nadhani hata yeye aliliona.

Ugonjwa wako ulikuwa mfupi, haukutupa nafasi ya kusema mengi. Asubuhi ya msiba Shimba aliwapa Entebbe hali ya hewa kama kawaida, kisha akawapa habari zako. Kasule akasema, "Mwanza, rudia." Shimba akarudia.

Tunakosa mlio wa baiskeli yako ukiiegemeza ukutani. Tunakosa ulivyokunywa chai umesimama mlangoni, uso wako nje, mpaka dada Gladness anakuuliza kama umekatazwa kukaa. Kaka Pius ameweka mabati mapya, na mvua ikinyesha sasa haivuji popote, lakini hakuna anayetoka kuitazama.

Jumapili tutasali misa, kisha tutakwenda Misungwi kupalilia kaburi lako na la mdogo wetu aliye ubavuni mwako. Mvua za mwaka huu zimeotesha majani marefu.

Unakumbukwa na mkeo Teodora, wanao Pius, Gladness na mimi Rebeka, ndugu zako wote wa Misungwi na Buhongwa, wakwe zako wa Bukoba, Shimba na wenzako wa uwanja wa ndege, na Bwana Kasule wa ng'ambo ya ziwa.

Nilipofika hapa nilimsomea Mama yote niliyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, asiinue kichwa. Nikamwuliza kama nimekosea mahali.

"Hujakosea. Ila ongeza langu."

"Niandike nini, Mama?"

Aliweka ungo chini.

"Mwandikie hivi: Luhaga, siku ile ungekuwa wewe ndiye uliyelala garini, na mimi ndiye niliyekaa kwenye redio, na mimi ningeizuia."

Nimeandika kama alivyosema. Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu.